Sadaka na Wakfu: Hesabu na Uongozi wa Hospitali ya Lambaréné

I

Wahenga walinena, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii huifundisha watoto wetu kama onyo kwa wafanya biashara, na mara chache twakumbuka kwamba yawahusu vile vile watu wanaokusanya mali si kwa faida yao wenyewe bali kwa ajili ya wengine. Mimi mwenyewe sikuielewa vema mpaka nilipokuwa mtu mzima, nami niliielewa kwa hasara.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwanakamati katika chama kidogo kilichoundwa na wakazi wa mtaa mmoja ili kuisaidia wodi ya watoto katika hospitali iliyokuwa karibu nao. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwema sana, aliyejulikana na kila mwenye duka, na kila alipobisha hodi hakurudi mikono mitupu. Daftari letu lilikuwa kijitabu alichokitia mfukoni mwake, na mengi hayakuwamo hata humo, yalikuwa kichwani mwake. Alipofariki tulikwenda kuhani, na tulipokwisha kuhani tukatazamana. Hapana aliyeweza kusema ni nani aliyeahidi nini, ni deni lipi la magodoro lililokwisha kulipwa, wala ni nani kati yetu ambaye wenye maduka wangemfungulia mlango. Chama kilikufa kabla ya arobaini ya mwenyekiti wake, na wala hapana mtu aliyeiba hata senti moja.

Tangu siku hizo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nalileta mbele ya wasomaji wa jarida hili: hospitali inayoishi kwa hisani ya watu huishi kwa nini hasa? Je, ni kwa fedha, ama ni kwa jina la mtu anayeziomba? Na kama ni kwa jina, itakuwaje siku mwenye jina atakapoondoka?

Ili kulijibu swali hili nimechagua kutazama historia ya hospitali moja mashuhuri katika Afrika, yaani ile iliyoanzishwa na Daktari Albert Schweitzer pale Lambaréné, kando ya mto Ogowe katika nchi ya Gabon. Habari za daktari huyo zimeandikwa sana, lakini wengi wa walioziandika wametaka kumsifu mtakatifu ama kumshitaki mkoloni. Mimi nataka kuzitazama hesabu zake.

II

Kabla ya kuingia katika habari yenyewe, yafaa tuyapambanue maneno mawili ambayo sisi watu wa pwani tunayo tayari, nayo ni sadaka na wakfu. Sadaka ni mkono wa mtu kwa mtu. Mtoaji hutoa, mpewaji hupokea, na jambo huishia hapo. Kesho mtoaji akitaka atatoa tena, asipotaka hapana wa kumdai. Wakfu ni kitu kingine. Mtu anapoweka nyumba au shamba wakfu, mali ile hutoka mikononi mwake moja kwa moja, hawezi kuiuza wala kuirithisha. Humtaja msimamizi wa kuitunza, hueleza faida yake itumiwe kwa kazi gani, na huonyesha ni nani atakayeshika usimamizi baada ya msimamizi wa kwanza kufa. Kwa ufupi, sadaka humtegemea mtoaji aliye hai, na wakfu hupangwa kwa kukumbuka kwamba mtoaji atakufa.

Katika nchi zetu twamkumbuka Sewa Haji, mfanya biashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Huyu alitoa fedha za kujengea hospitali katika Dar es Salaam wakati wa utawala wa Wajerumani, na hata leo jina lake li juu ya jengo moja la wagonjwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Wagonjwa wanaolala humo hawakumjua, na wauguzi wanaolitaja jina lake kila siku pengine hawajui alikuwa nani; lakini kitanda kipo. Basi na tuitazame Lambaréné tukiwa na tofauti hii akilini.

III

Albert Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 katika Alsace, jimbo lililokuwa chini ya Wajerumani wakati huo. Alipokuwa na umri wa miaka thelathini alikuwa amekwisha kupata shahada ya udaktari wa falsafa, alikuwa mwalimu wa elimu ya dini katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, na alisifiwa katika miji mingi kwa kupiga kinanda cha kanisa. Mwaka 1904 alisoma katika gazeti la Chama cha Misheni cha Paris kwamba kazi ya misheni katika Gabon ina upungufu wa watu. Mwaka uliofuata aliwaandikia jamaa na rafiki zake kwamba anaanza kusoma udaktari wa tiba ili aende huko.

Hapa ndipo jambo la fedha linapoingia, nalo liliingia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Wakubwa wa misheni ya Paris waliyashuku mafundisho yake ya dini, hasa baada ya yeye kutoa mwaka 1906 kitabu chake juu ya utafiti wa maisha ya Yesu. Kama angeomba mshahara kwao, yamkini asingekubaliwa. Schweitzer akawaambia kwamba atajigharamia mwenyewe, kwamba atatibu tu, na kwamba hatahubiri. Kwa masharti hayo akaruhusiwa kukaa katika kituo chao. Twaona basi kwamba uhuru wake aliupata kwa kutokula chakula cha mtu mwingine. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kuwa na hazina yako. Hasara yake ilikuwa kwamba toka siku hiyo mzigo wote ulikuwa juu ya kichwa chake peke yake.

Akaanza kuzunguka kuomba. Yeye mwenyewe alieleza baadaye jinsi nyuso za wenyeji zilivyobadilika walipotambua kwamba hakuja kuwaamkia, amekuja kuomba. Wasomaji waliopata kuzunguka na karatasi ya mchango katika mitaa yetu hawahitaji maelezo zaidi. Hata hivyo waalimu wenziwe wa Strasbourg, ambao walikuwa Wajerumani, walitoa kwa ukarimu ingawa kazi yenyewe ilikuwa katika koloni la Wafaransa. Waumini wa kanisa la Mtakatifu Nicholas walitoa pia, na chama cha wapenzi wa muziki wa Bach katika Paris kilifanya tamasha kwa ajili yake. Fedha zilizopatikana zilitosha kwa safari, kwa vifaa, na kwa kuiendesha hospitali muda wa mwaka mmoja hivi. Mbali ya mwaka huo hakuwa na kitu ila ahadi.

Mkewe, Helene Bresslau, waliyeoana mwaka 1912, alikuwa amejifunza uuguzi ili afanye kazi pamoja naye. Mapema mwaka 1913 yalipelekwa makasha sabini, na mwezi Machi wao wenyewe wakaondoka. Bwana Schweitzer alichukua pia Mark 2,000 za dhahabu, kwa sababu aliona dalili za vita na alijua kwamba noti zaweza kupoteza thamani lakini dhahabu haipotezi. Nadhani katika historia yote ya hospitali ile hapana tendo linaloonyesha tabia ya mwanzilishi wake kuliko hili: mtu aliyeitwa mwota ndoto na rafiki zake aliyahesabu mambo ya dunia kuliko wao.

Mwezi Aprili 1913 walifika Lambaréné. Chumba cha kwanza cha kutibia kilikuwa banda la kuku lililotiwa chokaa. Katika miezi tisa ya mwanzo walikuja wagonjwa karibu 2,000.

IV

Vita vilipoanza mwezi Agosti 1914, Schweitzer na mkewe, kwa kuwa walikuwa raia wa Ujerumani katika koloni la Ufaransa, waliwekwa chini ya ulinzi nyumbani kwao. Baada ya muda waliruhusiwa kutibu tena, lakini njia za fedha zilikuwa zimekatika. Wafadhili wa Alsace walikuwa upande mmoja wa vita, na hospitali ilikuwa upande wa pili. Daktari akalazimika kukopa kwa misheni na kwa watu waliomfahamu huko Paris.

Katika siku hizo palitokea jambo dogo ambalo waandishi wengi hulipitia haraka. Msaidizi wa kwanza wa hospitali ile alikuwa Mwafrika, jina lake Joseph Azoawani, aliyekuwa mpishi kabla ya kuwa mganga msaidizi. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani. Yeye ndiye aliyemweleza daktari maneno ya mgonjwa na akamweleza mgonjwa maneno ya daktari. Kwa hiyo tukisema kwamba katika miaka ile hospitali ilikuwa na ulimi mmoja tu, na ulimi huo ulikuwa wa Joseph, hatutakosea sana. Mshahara wake ulikuwa faranga 70 kwa mwezi. Ukata ulipozidi, daktari aliupunguza hadi faranga 35. Joseph akaacha kazi, akisema kwamba heshima yake haimruhusu kufanya kazi kwa ujira huo.

Schweitzer alilisimulia jambo hili kwa maneno ya kuchekesha kidogo, akaongeza habari za jinsi Joseph alivyozitumia akiba zake alizoziweka kwa ajili ya mahari. Lakini tukilitazama kwa macho ya mweka hesabu, hapana la kuchekesha. Daktari na mkewe walikuwa wamejitolea wenyewe. Walichagua kufanya kazi bila malipo, na malipo yao yalikuwa katika dhamiri zao na katika sifa waliyoipata duniani. Joseph hakuchagua hivyo. Yeye alikuwa na kazi na mshahara, na hospitali ilipopungukiwa ilichukua nusu ya mshahara wake iwe mchango. Kila chama cha hisani chapaswa kujua mpaka uliopo kati ya mtu anayejitolea na mtu anayetolewa. Yatia moyo kwamba baada ya daktari kurudi Afrika Joseph naye alirudi kazini.

Mwezi Septemba 1917 amri ikaja kwamba Schweitzer na mkewe wapelekwe Ufaransa wakazuiwe kambini. Waliachiliwa katikati ya mwaka 1918. Hospitali ikabaki tupu, na msitu ukaanza kuirudia ardhi yake. Hapo pana jibu la kwanza la swali letu: mwenye jina alipoondolewa, kazi ilisimama siku ile ile. Miaka minne ya taabu haikuwa imezaa mtu wa pili wa kuiendesha, na kwa haki hatuwezi kumlaumu mwanzilishi, maana muda ulikuwa mfupi na vita vilikuwa vikali.

V

Schweitzer alirudi Strasbourg akiwa mgonjwa, mwenye madeni, na, kama alivyoona, aliyesahauliwa. Wokovu wake ulitoka mahali asipopatazamia. Askofu Mkuu wa Sweden, Nathan Söderblom, alimwalika aje kutoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Uppsala mwaka 1920. Siku moja walipokuwa wakitembea pamoja, Schweitzer alimfunulia mwenyeji wake habari za madeni. Askofu akamshauri azunguke katika miji ya Sweden akipiga kinanda na kuhutubia, maana nchi ile haikuingia vitani na watu wake walikuwa na fedha. Katika muda wa majuma machache alipata za kutosha kulipa madeni yaliyombana zaidi. Papo hapo akaombwa na wachapishaji wa Uppsala aandike kitabu juu ya maisha yake ya Afrika, na kitabu hicho kilipotolewa, kwa Kiswedi kwanza na baadaye kwa Kijerumani mwaka 1921, kilisomwa katika nchi nyingi.

Tangu hapo hospitali ilikuwa na mito mitatu ya kuinywesha. Wa kwanza ulikuwa kinanda. Kati ya mwaka 1921 na 1924 Schweitzer alizunguka Uswisi, Uingereza, Denmark na nchi nyingine, na mwaka 1935 alirekodi muziki wa Bach katika London ili sauti ya vidole vyake iweze kuuzwa hata akiwa msituni. Wa pili ulikuwa kalamu, yaani mapato ya vitabu. Wa tatu ulikuwa marafiki. Katika miji ya Ulaya walikuwapo watu wasio na cheo chochote waliopokea michango, wakanunua dawa na vitambaa, wakafunga makasha na kuyapeleka bandarini. Kwa fedha za Tuzo ya Goethe aliyopewa mwaka 1928 na mji wa Frankfurt, Schweitzer alijenga nyumba katika kijiji cha Günsbach. Nyumba hiyo ikawa kiungo cha kazi yote katika Ulaya, na humo Bibi Emmy Martin, mjane wa mchungaji, aliendesha kazi ya barua na ya hesabu kwa miaka mingi.

Mto huu wa tatu ndio wenye maana zaidi kwetu. Marafiki wale hawakuunganishwa na katiba. Waliunganishwa na barua. Daktari alijitahidi kuwajibu, akiandika usiku baada ya kazi ya mchana hata mkono wake ukawa hauwezi kushika kalamu pasipo maumivu, na wauguzi nao wakaandika kwa niaba yake. Mtu aliyetoa fedha kidogo alipata kujua kwamba zimefika. Hilo lilikuwa daftari la namna yake, daftari la shukrani, nalo lilileta mchango wa mwaka wa pili. Mtu anayetaka kujua kwa nini vyama vingi vya hisani hupokea mara moja tu, na ajiulize ni vingapi vilivyomwandikia mtoaji wake kumwambia kwamba fedha yake imefika.

Mito hii ilijaribiwa katika Vita vya Pili. Mwaka 1940 Ufaransa ilishindwa, na majeshi mawili ya Wafaransa yakapigana pale Lambaréné, yote mawili yakiepuka kuipiga hospitali. Njia ya Alsace ilifungwa tena, lakini safari hii hospitali haikufa. Mwaka huo huo chama cha marafiki kiliundwa katika Marekani, na dawa zikaja kutoka huko. Kati ya 1917 na 1940 tofauti ni hiyo moja: mwanzoni palikuwa na chemchemi moja, baadaye zilikuwa nyingi, na mvua ilipokatika upande mmoja ilinyesha upande mwingine.

VI

Upande wa matumizi nao una mafunzo. Schweitzer aliporudi mwaka 1924 alikuta majengo yameanguka, akayajenga upya. Mwaka uliofuata yalikuja maradhi ya kuhara damu pamoja na njaa, na pale kituoni hapakuwa na nafasi ya kuwatenga wagonjwa. Basi akaomba ardhi kwa serikali, akahamia mahali papya kiasi cha kilomita tatu juu ya mto, na mwezi Januari 1927 wagonjwa wakahamishiwa huko. Kwa mara ya kwanza hospitali ilisimama juu ya ardhi isiyokuwa ya misheni.

Majengo yalikuwa ya mbao na mabati. Wagonjwa walikuja na jamaa zao, wakapika wenyewe, wakalala pamoja. Jamaa wenye nguvu walitakiwa kufanya kazi ya kujenga na kulima kulipia chakula walichopewa, na sisi tusemao "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" hatutaliona ajabu. Mwenye kitu aliombwa alete ndizi ama mayai. Umeme ulitumiwa kwa kazi ya upasuaji, na usiku watu waliwasha taa za mafuta. Madaktari na wauguzi waliotoka Ulaya walifanya kazi kwa kupata makao, chakula na kiasi kidogo tu cha fedha. Kwa njia hii kila faranga ilikwenda mbali, na mgonjwa hakutenganishwa na watu wake wala na chungu chake.

Lakini unafuu huo ulikuwa na siku zake. Yaliyokuwa busara mwaka 1927 hayakuwa busara mwaka 1957. Dawa mpya na vyombo vipya vilikuwa vimepatikana, serikali zilikuwa zikijenga hospitali za kisasa, na wageni waliofika Lambaréné waliandika kwamba wamekuta mbuzi na kuku wakipita kati ya nyumba za wagonjwa. Na tusidhani kwamba fedha hazikuwako. Mwaka 1949 daktari alikwenda Marekani kutoa mhadhara, akautumia ujira wake kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma. Tena alipopata Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952, ambayo ilitangazwa mwaka 1953, fedha zake zilikwenda katika ujenzi wa kijiji cha wagonjwa hao hao. Jina lilikuwa limekua kuliko hospitali. Kilichokosekana kilikuwa mtu mwenye mamlaka ya kusema "sasa tubadilike" na akasikilizwa.

VII

Hapo tumefika kwenye uongozi. Schweitzer aliiendesha hospitali yake kama mzee anavyoendesha nyumba yake. Funguo zilikuwa kwake na kwa wauguzi wachache waliomtumikia kwa uaminifu mkubwa, hasa Mathilde Kottmann na Emma Haussknecht. Madaktari vijana walikuja na kuondoka. Alipata kuandika kwamba Mwafrika ni ndugu yake, lakini ndugu mdogo, na neno hilo limewachoma watu wetu kwa haki. Lakini sitaki kulijadili kama suala la adabu peke yake. Nataka kuonyesha kwamba lilikuwa pia kosa la hesabu. Anayemhesabu mwenziwe kuwa mdogo daima hawezi kumwandaa kuwa mrithi. Toka siku Joseph alipoanza kutafsiri hadi siku daktari alipofariki ilipita nusu karne. Katika muda huo Gabon ilipata uhuru wake, mwaka 1960, na bado usukani wa hospitali haukuwa umeshikwa na Mgabon.

Albert Schweitzer alifariki tarehe 4 Septemba 1965, mwenye umri wa miaka 90, akazikwa pale pale karibu na kaburi lenye majivu ya mkewe, aliyetangulia mwaka 1957. Kabla ya kufa aliugawa urithi wa madaraka. Uendeshaji alimwachia binti yake Rhena, na kazi ya utabibu akaachiwa Daktari Walter Munz, kijana kutoka Uswisi. Hakuacha mambo ovyo, kwa hiyo hatuwezi kumweka kundi moja na mwenyekiti wetu wa kijitabu cha mfukoni. Lakini aliwaachia warithi wake kazi isiyorithika. Binti angeweza kuurithi ufunguo wa ghala. Hakuweza kuirithi ile mihadhara, wala kile kinanda, wala ile picha ya mzee mwenye masharubu iliyowafanya watu wa miji ya mbali wafungue mikoba yao. Watu walikuwa wamempa Schweitzer, na Schweitzer hakuwako.

Katika miaka iliyofuata warithi walijaribu kutengeneza yaliyochakaa, na matengenezo yalihitaji fedha wakati ambapo fedha zilikuwa zikipungua. Katika miaka ya 1970 ukata ulifika mahali ambapo kuendelea kwa hospitali kulikuwa mashakani. Hapo ndipo lilipofanyika tendo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa la pili katika historia yake, ingawa halina picha wala hadithi: mwaka 1974 iliundwa taasisi ya kimataifa ya kuimiliki na kuisimamia hospitali. Vyama vya marafiki wa nchi mbalimbali vikashirikiana na serikali ya Gabon, ambayo wakati huo ilikuwa ikipata fedha za mafuta, nayo ikabeba sehemu kubwa ya gharama. Mwezi Januari 1981 majengo mapya yakafunguliwa karibu na yale ya zamani. Kwa lugha yetu, sadaka ilikuwa imegeuzwa wakfu, miaka tisa baada ya kufa mtoaji wake.

Matunda yake yanaonekana. Mwaka ule ule wa 1981 ilianza katika hospitali ile maabara ya utafiti. Kuanzia mwaka 2009, chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilipojaribiwa katika nchi saba za Afrika, Lambaréné ilikuwa moja ya vituo vya kazi hiyo, sambamba na Bagamoyo na Korogwe katika Tanzania, na Kilifi, Siaya na Kombewa katika Kenya. Bagamoyo ndiko alikofanyia biashara Sewa Haji. Watoto waliochanjwa hawakuhitaji kujua jina la mtoaji wa kwanza wa hapa wala wa kule.

VIII

Tumalize kwa kulirudia swali tulilolianza. Hospitali ya hisani huanza kwa jina la mtu. Sioni njia nyingine, maana watu hawatoi fedha zao kwa katiba, huzitoa kwa uso wanaouamini. Schweitzer alistahili kuaminiwa. Alijigharamia ili awe huru, aliweka akiba ya dhahabu kabla ya vita, alilipa madeni yake, alishukuru, na tuzo zake aliziweka katika kazi. Katika mambo ya fedha sijaona doa juu yake ila lile la mshahara wa Joseph. Lakini uaminifu wa mtu hauwi uimara wa kazi. Kazi huwa imara pale daftari linapoweza kusomwa na mtu mwingine, watoaji wanapojuana wao kwa wao badala ya kumjua mmoja tu, na watu wa mahali penyewe wanapokuwa na kiti katika kikao cha kukata shauri. Mambo mawili ya kwanza Lambaréné iliyaanza mapema, kwa nyumba ya Günsbach na kwa marafiki wa nchi nyingi, na ndiyo yaliyoiokoa mwaka 1940. La tatu lilichelewa, na kuchelewa kwake kulikaribia kuiua.

Nawaandikia hasa wanafunzi, ambao kesho watakuwa makatibu na watunza hazina wa vyama vidogo vya namna hii katika miji na vijiji vyao. Mwenyekiti wa chama chetu kile hakuwa na tofauti kubwa na daktari wa Lambaréné kwa moyo. Alikuwa na tofauti kwa daftari. Siku tulipokuwa tukirudi kutoka matangani, mwanakamati mmoja alisema kwamba laiti tungemwomba marehemu atuonyeshe kile kijitabu mara moja tu kwa mwezi. Tulikuwa tumeona haya kumwomba, kwa sababu alikuwa mkubwa wetu na tulimwamini. Haya ile iliwagharimu watoto wa wodi ile magodoro yao.